Kericho Ina Bureti, Lakini Bureti Ziko Wapi?

Ukitoka Kericho mjini ukielekea Litein, unaingia Bureti. Majani chai kushoto, majani chai kulia, mvua ya saa tisa haikosi. Sasa simamisha mwanafunzi yeyote wa shule ya kutwa huko umuulize bureti ni nini. Atakuambia ni nyumbani. Muulize kuhusu ile bureti ingine, ule mrija mrefu wa kioo wenye namba kuanzia 0 hadi 50 na koki hapo chini, ndiyo utaona anacheka. Kuna wasee wengi ambao wameishika mara ya kwanza wakiwa kidato cha nne, mtihani ukiwa umebisha mlango.

Ukiuliza sababu, jibu ni lile lile kutoka Bomet hadi Kipkelion: kemia ni somo ghali, na maabara ni ya shule kubwa. Mimi nimeifuata hii stori nyuma miaka 200 na naona jibu hilo linaficha kitu. Kemia yenyewe si ghali vile tunadhani. Kilicho ghali ni kuifundisha kila wiki, kila mwaka, bila kuacha. Na kila enzi, kuna mtu aliamua nani atalipiwa hiyo gharama na nani hatalipiwa.

Hebu tuanze na hesabu

Chukua darasa la wanafunzi 50. Kazi ya leo ni titresheni ya kawaida, asidi dhidi ya alkali. Mwanafunzi mmoja akitaka kurudia mara tatu na kusuuza vyombo vyake, mpe kama mililita 100 za kila myeyusho. Darasa zima linahitaji lita 5 za sodiamu haidroksaidi na lita 5 za asidi ya haidrokloriki.

Kwa nguvu ya 0.1 M, lita moja ya sodiamu haidroksaidi inatumia gramu 4. Kwa hivyo darasa lote ni gramu 20. Ile pakiti ndogo ya Ketepa ya gramu 50 unayonunua dukani ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Asidi nayo, ile kali ya kwenye chupa, utahitaji kama mililita 42 tu halafu uongeze maji. Hiyo haijazi hata kikombe cha kahawa kile kidogo.

Sasa angalia upande wa pili. Bureti 50. Pipeti 50. Flaski 100 au zaidi. Stendi za kushikilia. Mizani inayosoma gramu vizuri. Maji safi ambayo hayana chumvi za bomba. Gesi ya kuchoma. Na mtu wa kuchanganya hizo dawa asubuhi, kuosha vyombo jioni na kujua ni chupa gani imebaki nusu. Vioo vinavunjika, hiyo ni lazima, kwa sababu vinashikwa na watoto wa miaka 15. Gesi inaisha. Mhudumu wa maabara anataka mshahara mwisho wa mwezi.

Kwa hivyo maabara ina bei mbili. Kuna bei ya kuanza, ambayo unalipa mara moja na kupiga picha. Halafu kuna bei ya kuendelea, ambayo hakuna mtu huikatia utepe. Shika hizo mbili, kwa sababu ndizo zitatuongoza hadi mwisho. Na hazikuanzia Kenya, zilizaliwa pamoja na maabara zenyewe huko Ulaya.

Mpishi Anna na mwalimu wa miaka 21

Karne ya 18, kemia ilikuwa mchezo wa matajiri. Antoine Lavoisier wa Ufaransa alikuwa na vyombo vya kupima gesi vilivyotengenezwa na mafundi bora wa Paris. Doo alitoa wapi? Alikuwa na hisa katika kampuni ya watu binafsi waliokusanya ushuru kwa niaba ya mfalme. Hiyo kazi ndiyo ilimlipia sayansi, na ndiyo ilimpeleka kwenye gilotini mwaka 1794.

Lakini kulikuwa na njia ingine. Huko Stockholm, Jöns Jacob Berzelius, mmoja wa wanakemia wakubwa wa dunia wakati huo, alifanya kazi katika vyumba vya kawaida kando ya jikoni. Kijana Mjerumani aitwaye Friedrich Wöhler alimtembelea mwaka 1823 akitarajia maajabu. Hakupata bomba la maji wala gesi. Alipata meza, taa za spiriti, na mpishi, Anna, ambaye alipika chakula na pia kuosha vyombo vya maabara. Anna ndiye alikuwa bei ya kuendelea, na bila yeye kazi ingesimama.

Mwaka uliofuata, 1824, Justus Liebig akapewa kazi ya kufundisha kemia katika chuo kidogo cha Giessen, Ujerumani. Alikuwa na miaka 21. Maabara yake ilikuwa katika jengo la kambi ya askari lililoachwa. Pesa alizopewa na serikali hazikutosha, akalazimika kutoa nyingine mfukoni mwake, na kwa miaka mingi akawa analalamikia wakubwa kuhusu jambo hilo. Hakuomba jengo la kifahari. Aliomba pesa za makaa, dawa, vioo na msaidizi.

Halafu mwaka 1831 Liebig akatengeneza kifaa kidogo cha kioo chenye vibofu vitano, cha kunasa kaboni dayoksaidi ili ipimwe kwa mizani. Zamani kupima kaboni kwenye kitu kulitaka mtaalamu na muda mrefu. Sasa mwanafunzi wa kawaida angeweza kuifanya, na mara nyingi. Vijana wakaanza kumiminika Giessen kutoka Uingereza, Marekani na kwingineko. Kilichofanya maabara ya kufundishia iwezekane ni kifaa rahisi ambacho kila mtu angeweza kutumia, na mwalimu aliyeng'ang'ania bajeti ya kila mwaka. Wala usifikiri Liebig yuko mbali na Kericho. Ukifika mwisho wa hii makala utamkuta shambani.

Kabianga, 1925

Turudi nyumbani. Mwaka 1925 serikali ya kikoloni ilianzisha shule Kabianga, kwenye vilima vya Wakipsigis. Leo ni Kabianga High, na Chuo Kikuu cha Kabianga kiko pale karibu, kilipata hati yake mwaka 2013. Lakini mwaka 1925 hakuna mtu alikuwa anafikiria kemia ya Mwafrika.

Na hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika Mashariki ikiangalia elimu. Mwaka 1925 London ikatoa sera yake ya elimu kwa makoloni ya Afrika. Wote waliimba wimbo mmoja: elimu ya Mwafrika ilingane na mazingira yake. Kwa vitendo hiyo ilimaanisha kilimo, useremala, usafi, na walimu wa vijijini. Shamba na karakana ndizo zilikuwa maabara. Ilikuwa na faida zake, sikatai, lakini ilikuwa na dari. Ungefundishwa kupanda bila kufundishwa udongo umetengenezwa na nini.

Watetezi wa enzi ile wangesema hakukuwa na pesa, na vioo kutoka Uingereza vingefikaje huko milimani. Hapo ndipo mimi nakataa. Reli ilikuwa imepita Lumbwa, Kipkelion ya leo, tangu 1901. Na miaka hiyo hiyo ya katikati ya 1920, Brooke Bond na James Finlay walikuwa wanafungua mashamba ya chai Kericho. Baadaye zikaja mashine za viwanda, vyuma vizito kutoka ng'ambo, kwa meli, kwa treni, kisha kwa barabara ya matope. Kama boila iliweza kupanda huo mlima, katoni ya mirija ya majaribio ingeshindwaje?

Cheki kinaya chenyewe. Kiwanda cha chai ni maabara ya kemia iliyopanuliwa. Ile hatua wanayoita kuchachusha, ambapo majani yaliyosagwa yanageuka kutoka kijani hadi rangi ya shaba, kwa kemia ni oksidesheni. Oksijeni ya hewani inakutana na kemikali za jani, kimeng'enya kinaharakisha kazi, na rangi na ladha ya chai zinazaliwa. Vijana wa Kipsigis, na wa jamii zingine walioletwa kuvuna, walifanya kazi kando ya hiyo kemia kila siku, na shule iliyokuwa jirani haikuwafundisha jina lake.

Maabara ilikuja, lakini ya majani

Mwaka 1951 Kericho ikapata taasisi ya utafiti wa sayansi ya kweli kweli. Ni Taasisi ya Utafiti wa Chai ya Afrika Mashariki, kule Timbilil, nje kidogo ya mji. Ilihudumia Kenya, Uganda na Tanganyika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, ilibidi ijipange upya, na mwaka 1980 ikawa Wakfu wa Utafiti wa Chai wa Kenya. Baadaye ikawekwa chini ya KALRO.

Sina ubaya na Timbilil. Kazi yao imewasaidia wakulima wadogo, na nitawasifu hapo mbele. Ninachosema ni hiki: tasnia ilipoona kuwa kemia ya udongo na ya jani italeta faida, pesa zilipatikana, za jengo, za dawa, za mafundi na za kila mwaka. Umbali haukuwa shida tena. Jani la chai lilipata wanakemia wake Kericho wakati mtoto wa mchuma chai bado hajui bureti. Mwenye kulipa alichagua kitu cha kupimwa, na hakuchagua kumfundisha mtoto kupima.

Harambee ilijenga ukuta, ikachoka

Uhuru ulipokuja, watu hawakungoja. Wazazi waliuza maziwa, mahindi na majani, wakachanga, wakajenga shule za harambee kila mahali. Ikafika miaka ya 1970 hizo shule zikawa nyingi kuliko za serikali. Ni moja ya mambo makubwa ambayo Wakenya wa kawaida wamewahi kufanya, na tungefaa kuliimba zaidi.

Lakini harambee ni silaha ya bei ya kuanza. Unaita mgeni rasmi, watu wanatoa, mabati yanapanda. Hakuna harambee huitwa ati tununue gramu 500 za potasiamu manganeti muhula huu. Kwa hivyo nyingi ya hizo shule zilifundisha historia, jiografia, dini na fasihi, masomo mazuri sana, lakini yalichaguliwa kwa sababu yanahitaji chaki tu. Mtoto hakuchagua masomo ya sanaa. Bajeti ilimchagulia.

Serikali iliona hilo pengo. Miaka ya 1960, kwa msaada wa Sweden, kikaanzishwa Chuo cha Walimu wa Sayansi cha Kenya pale Nairobi. Mwaka 1976 ikaanzishwa SEPU, kampuni ya kutengeneza vifaa vya shule hapa hapa nchini, na hadi leo inajulikana kwa maabara zake za kusukuma, yaani meza yenye magurudumu, sinki na vifaa, inayotoka darasa moja hadi lingine. Kwangu mimi hilo ni wazo la akili sana. Shule isiyo na jengo la maabara inaweza kuwa na maabara.

Halafu mwaka 1985 ukaja mfumo wa 8-4-4 na masomo mengi ya vitendo, na mwaka 1988 serikali ikatangaza sera ya kugawana gharama. Kwa Kiswahili rahisi: mzazi, vifaa ni juu yako. Unaona mpangilio wenyewe? Mahitaji yanapanda, mlipaji anaondoka. Mwaka 1998, mradi wa SMASSE ulioungwa mkono na Japani ukaja na mbinu ingine: kufundisha walimu jinsi ya kufanya majaribio kwa vitu vilivyoko karibu. Chupa za soda, mirija ya kunywea, siki, majivu.

Leo hesabu iko aje?

Tangu 2018, kiwango rasmi cha serikali kwa mwanafunzi wa shule ya upili ya kutwa ni shilingi 22,244 kwa mwaka. Walimu wakuu wamelia mara nyingi kuwa pesa hizo huchelewa na hukatwa. Pesa zikichelewa, mwalimu mkuu anakata nini kwanza? Hawezi kukata chakula. Hawezi kukata stima. Anakata kile ambacho hakitapiga kelele hadi kidato cha nne, na hicho ni maabara.

Wakati huo huo, CDF imejenga maabara nyingi tangu 2003, zenye rangi safi na jina la mheshimiwa ukutani. Vizuri. Lakini ukuta hauna kemia ndani yake. Jengo lisilo na maji, gesi na mhudumu ni darasa lenye meza ndefu.

Sasa huyo mtoto anaketi KCSE. Kemia ina karatasi tatu, na ya tatu ni ya vitendo: alama 40 kati ya 200. Hiyo ni asilimia 20 ya somo. Wiki chache kabla, shule hupokea ile orodha ya siri ya vifaa na dawa za kuandaa, na hapo ndipo unasikia shule jirani zinakopeshana bureti. Mwanafunzi aliyefanya titresheni mara 20 na aliyefanya mara 2 wanapewa karatasi sawa, dakika sawa. Halafu matokeo yakitoka tunasema watoto wa huku hawapendi sayansi.

Na mambo yamekuwa makali zaidi mwaka huu wa 2026, kwa sababu kundi la kwanza la Gredi ya 10 limeingia sekondari ya juu na kugawanywa kwa njia, STEM ikiwa mojawapo. Uamuzi ambao zamani ulifanywa na bajeti kimyakimya sasa unaandikwa kwenye fomu kama chaguo la mtoto. Kama shule iliyo karibu haina vifaa, hilo ni chaguo gani?

Liebig shambani

Nilisema tutamkuta. Mwaka 1840 Liebig alichapisha kitabu kuhusu kemia ya kilimo, akieneza wazo ambalo Carl Sprengel alikuwa amelitangulia: mmea haukui kwa wingi wa virutubisho vyote, unakua kulingana na kile kilicho kichache zaidi. Ukikosa naitrojeni, hata umwage fosforasi gunia kumi, hutasonga. Kila mkulima wa Konoin na Belgut anayechukua mbolea ya NPK 26:5:5 anaijua hii sheria kwa mikono yake, hata kama hajawahi kusikia hilo jina.

Tumia sheria hiyo kwa maabara. Kitu kichache zaidi si jengo tena. Ni bureti ya 31 iliyovunjika na haijarudishwa. Ni mtungi wa gesi ulioisha Februari. Ni mhudumu aliyeachishwa kazi. Kuongeza jengo la pili hapo ni kumwaga fosforasi.

Wengine wataniambia, buda, wacha hizo, siku hizi kuna video na programu za kuiga majaribio. Nazipenda. Lakini kidole kinachofunga koki ya bureti tone moja kabla ya rangi kugeuka hakifundishwi na skrini, na KNEC haitakupa skrini siku ya mtihani. Wengine watasema kubuni vifaa kwa chupa za soda ni kuwapa maskini sayansi ya maskini. Waulize kama Berzelius alifanya sayansi ya maskini kando ya jiko la Anna.

Na hapa ndipo nawasifu watu wa Timbilil. Mwaka 2011 walitoa aina ya chai ya zambarau, TRFK 306. Rangi yake inatokana na kemikali ziitwazo anthosayanini, jamii moja na zile za kabichi nyekundu. Chemsha majani yake, gawa vikombe viwili. Kamulia kimoja limau, kinageuka pinki. Weka magadi kidogo kwa kingine, rangi inabadilika tena, upande mwingine. Hicho ni kionyeshi cha asidi na alkali, kimekua kwenye mlima unaouona kutoka dirishani. Hakitachukua nafasi ya fenolfthalini siku ya mtihani, kwa sababu hakigeuki ghafla vya kutosha. Lakini kitamfundisha mtoto anayeanza kemia jambo ambalo sasa anangoja muda mrefu kuliona. Magadi nayo yana sodiamu kaboneti, ambayo Kenya imechimba kwa zaidi ya miaka 100 kule Ziwa Magadi na kuuza nje, huku shule zikikosa.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo na ni la vitu vitatu. Ukiwa mwanafunzi wa zamani na mnachangia shule yenu, acheni geti jipya, lipieni vioo vinavyovunjika kwa mwaka mmoja. Ukiwa mzazi kwenye mkutano wa shule, usiulize kama maabara iko. Uliza kila mtoto amefanya majaribio mangapi muhula huu, na nani analipa mhudumu. Na ukiwa mwanafunzi wa Bomet au Kericho ambaye ameambiwa STEM si ya watu wa shule kama yenu, jua kwamba chai ya hapa ilipata wanakemia wake mwaka 1951, wewe bado unangoja wako, na una haki ya kuuliza kwa nini.